Mama akilazwa, nani anabaki na watoto?

Simu za usiku kutoka ushago unazijua. Uko zako Pipeline, Kayole ama Rongai, umeshakula, umelala chali unaperuzi TikTok, halafu namba ya jirani wa nyumbani inaingia saa nne na nusu usiku. Na wewe unajua vizuri hakuna mtu wa nyumbani hupiga simu saa hiyo kukujulia hali tu.

Yangu iliingia Septemba 2022. Dada yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, damu ikakataa kukatika, akakimbizwa Kisii mjini. Kila aliyeshika simu alikuwa anaongea kuhusu damu na pesa. Nilipouliza, "Na wale wawili wako wapi?" kukawa kimya. Wale wawili ni wapwa zangu, mmoja alikuwa na miaka minne, mwingine miwili. Walikuwa wameachwa kwa jirani "masaa mawili tu". Hiyo ilikuwa siku ya pili.

Nilifika Nyamache kesho yake mchana. Jirani hakuwepo. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, na simlaumu, maana asiyechuma halipwi. Aliyekuwa na watoto ni binti yake wa gredi ya nne. Nilimkuta amembeba mdogo mgongoni, na alikuwa amevaa sare ya shule. Aliivaa asubuhi akitumaini kuna mtu mzima atatokea amwachilie aende. Alikuwa ameivaa hivyo siku tatu mfululizo.

Chuoni niliomba ruhusa ya wiki mbili. Dada alikaa wodini siku 19, akarudi na kichanga, hawezi kuinua hata ndoo ya maji. Shemeji alikuwa kwa mjengo Mombasa. Angeacha kazi, bili ya hospitali ingelipwa na nani? Mama yetu alishatutoka. Kwa hivyo nikapika uji, nikafua, nikaosha watoto, nikatafuta maziwa. Majirani wakanibandika jina, "omoreri mwenye ndevu". Kufika Desemba pesa ya muhula ilikuwa imeishia kwa dawa na nauli, na mitihani ilikuwa imenipita. Sikurudi tena.

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo, huwa nawaambia ni karo. Huo ni ukweli nusu. Ule mwingine ni kwamba hatukupata mahali hata pamoja pa kuweka watoto wawili salama kwa wiki tatu.

Leo sitaki kuongea kuhusu chuo changu. Nataka tuongee kuhusu hizo wiki tatu, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa zimewapata ama zitawapata.

Omoreri yuko shule

Kama wewe si Mkisii, omoreri ni mlezi wa mtoto. Si mama, si nyanya. Zamani alikuwa msichana mdogo, mara nyingi dada yake mtoto, anayebaki naye mama akienda shambani. Mtafiti Mmarekani Robert LeVine na wenzake, waliokuja Gusii kuchunguza malezi kuanzia miaka ya 1950, waliandika sana kuhusu huyo msichana. Kazi ya mama shambani ilimtegemea yeye.

Halafu elimu ya msingi ikawa bure mwaka 2003, na omoreri akaenda shule. Hilo ni jambo zuri, na hakuna mtu mwenye akili timamu anataka turudi nyuma. Shida ni kwamba pengo aliloacha halikujazwa na mtu. Siku ya kawaida tunalipitisha tu: mkubwa yuko chekechea hadi mchana, mdogo yuko kwa nyanya, jirani anachungulia. Lakini siku mama anapolazwa, ama baba anapogongwa na boda, ama mzazi anapokamatwa na polisi, nani huitwa kwanza? Ni yule yule msichana. Anavuliwa begi la shule, anapewa mtoto.

Tukisema "familia itajipanga", hebu tujue maana yake. Mara nyingi maana yake ni msichana wa miaka kumi kukosa shule. Ama mtoto wa miaka minne kufungiwa ndani na mwenzake wa miaka miwili na jiko la makaa. Ama mama kutoroka wodini kabla daktari hajamruhusu, kwa sababu roho yake iko nyumbani. Ama mama anayepigwa kila wikendi kubaki pale pale, kwa sababu yeye anaweza kulala popote lakini watoto watatu hawawezi.

Huduma zetu zinangoja mtoto aumie

Tusidanganyane kwamba Kenya haina sheria. Tunazo, tena nzuri.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makao, matibabu na ulinzi, na inasema maslahi yake ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Katiba hiyo hiyo, kwenye Jedwali la Nne, inaziachia kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Soma tena: vituo vya kulelea watoto ni kazi ya kaunti. Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa na kuzinduliwa kwa ngoma. Hiyo sehemu ya pili huisikii ikizinduliwa.

Kisha kuna Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, miezi miwili kabla ya simu yangu ya usiku. Inamtambua mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, akiwemo aliyetelekezwa na yule ambaye mzazi wake amefungwa. Inazungumzia pia kulelewa na jamaa na malezi ya kambo. Kuna namba 116, ya bure, ambayo hupokea simu kuhusu watoto mchana na usiku. Kuna afisa wa watoto, kuna chifu, kuna kituo cha polisi.

Lakini angalia hizo zote zinamngoja nani. Zinamngoja mtoto aliyepigwa, aliyenajisiwa, aliyepotea, aliyetupwa. Wapwa zangu hawakuwa hata mmoja wa hao. Walikuwa na mama anayewapenda, aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali na dripu mkononi. Walichohitaji ni chakula cha jioni, mahali pa kulala na mtu mzima wa kuaminika, halafu warudishwe kwao. Kwa mtoto wa aina hiyo hakuna fomu. Ni kama lazima kwanza aumie ndipo apate faili.

Hata mahali serikali ilipofikiria, ilifikiria nusu. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru inaruhusu mtoto asiyezidi miaka minne kukaa na mamake gerezani. Sawa. Na yule ndugu yake wa miaka saba aliyebaki nyumbani? SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nchi nzima ilibishana kuhusu nani atalipia kitanda. Kitanda cha mgonjwa, yaani. Sikusikia mtu akiuliza kuhusu watoto wanaomngoja huyo mgonjwa.

Si makao ya watoto, tafadhali

Najua mmoja wenu tayari ameandika kwenye maoni: si wapelekwe tu kwa makao ya watoto? Hapana, na nitasema kwa nini.

Makao ya watoto ni rahisi kuingia na vigumu kutoka. Mtoto anapelekwa kwa wiki mbili, mama anapona lakini hana nauli ya kumfuata, miezi inapita, mtoto anaanza kumwita mtu mwingine mama. Serikali yenyewe iliona tatizo hilo. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia na jamii. Majirani zetu wa Nyamira ni kati ya kaunti ambako mageuzi hayo yalianza kufanyiwa kazi mapema.

Mimi naunga mkono kabisa. Lakini ukiniambia mtoto asiende kwenye makao, abaki kwenye familia, lazima pia uniambie ni familia gani usiku ule ambao familia yake imeanguka. Bila jibu hilo, mkakati mzuri unageuka kuwa mzigo mwingine wa nyanya.

Na hili si jambo jipya duniani. Marekani, pamoja na shida zake zote, ilipitisha sheria mwaka 1986 ya kusaidia kifedha vituo vya kulea watoto wakati familia iko kwenye dhiki. Mzazi aliyelemewa anamleta mtoto mwenyewe, kwa masaa au kwa siku chache, bila kushtakiwa na bila kuogopa kwamba atanyang'anywa. Wazo lenyewe ni rahisi: saidia familia mapema ili isivunjike. Hapa kwetu, Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Hiyo inahusu hasa malezi ya mchana, lakini inaonyesha kwamba bunge la kaunti likitaka linaweza.

Vitu vitatu, na hakuna jengo

Ninachopendekeza kwa Nyamache hakihitaji jengo la kuzinduliwa. Pengine ndiyo maana wanasiasa hawatakipenda.

Kwanza, swali moja. Mzazi akilazwa, fomu ya hospitali iulize: "Nani amebaki na watoto wako, na ana umri gani?" Polisi wakimweka mtu seli, waulize hivyo hivyo. Hilo halina gharama yoyote, ni wino tu. Jibu likiwa "hakuna mtu" ama "binti yangu wa miaka tisa", simu ipigwe kwa afisa wa watoto na kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Wahudumu hawa tunao. Karibu laki moja walizinduliwa nchini Septemba 2023, na kila mmoja ana nyumba anazozitembelea. Yeye anajua ni mlango gani wa kubisha.

Pili, orodha ya nyumba za dharura. Bobasi ina wadi nane. Tukipata nyumba tano kwa kila wadi, hizo ni nyumba 40 ambazo zimekaguliwa kabla, si usiku wa tukio. Mwalimu mstaafu. Mama wa kanisa ambaye watoto wake wameshahama. Wanandoa ambao kila mtu kijijini anawaamini. Wengi wao tayari wanafanya kazi hii bila kuitwa jina lolote na bila kulipwa. Mtoto asikae huko zaidi ya siku zilizoandikwa, tuseme wiki tatu, asitolewe kwenye shule yake, na mzazi apewe namba ya nyumba alipo mtoto wake ili waongee kila jioni.

Tatu, pesa kidogo inayotoka haraka. Inua Jamii hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa walioandikishwa, lakini ule ni mpango wa kila mwezi, na dharura haina tarehe. Nyumba inayompokea mtoto ilipwe chakula na maziwa kwa siku alizokaa, kupitia M-Pesa, wiki hiyo hiyo. Bila hivyo tutakuwa tunamwomba maskini mmoja ambebee mwenzake.

Hatari zipo, na ni lazima tuziseme. Si kila mtu anayetabasamu kwa mtoto ni mtu mwema. Kwa hivyo kila mtu mzima kwenye nyumba hiyo awe na cheti cha polisi, si mwenye nyumba peke yake. Afisa wa watoto amtembelee mtoto ndani ya siku mbili. Mtoto mwenyewe aulizwe, akiwa peke yake, kama yuko sawa. Na kila anayepokea mtoto atie sahihi, ili isije ikawa mlango wa wale wanaouza watoto. Kama afisa hana pikipiki wala mafuta ya kufika huko, basi hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote.

"Lakini sisi tuna jamaa"

Nikimweleza mzee mmoja wa nyumbani mambo haya alinicheka. "Mtoto wa Omogusii hawezi kukosa mtu wa kumlea," akaniambia. "Hiyo ni mambo ya wazungu."

Namheshimu, lakini tuhesabu pamoja. Jamaa ni nani siku hizi? Shangazi yuko Nairobi, ana chumba kimoja na watoto watatu, anaamka saa kumi na moja kuwahi kazi. Anko yuko Qatar. Nyanya ana miaka sabini na kitu, ana presha, na tayari analea wajukuu wanne. Mashamba yamegawanywa mpaka yamebaki vipande vya nyumba na migomba michache. Upendo wa jamaa bado upo, mimi ni shahidi. Kilichopungua ni nafasi na mikono.

Halafu kuna jambo ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Wakati mwingine hatari iko ndani ya jamaa hao hao. Mama anayekimbia nyumba usiku hawezi kupeleka watoto kwa wakwe zake.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Viongozi wetu wanaipenda sana methali hiyo, wanaitumia kwenye harambee. Ningependa waisome kama deni. Kama mkono mmoja haulei, basi mkono wa kaunti uko wapi?

Wewe ufanye nini?

Najua wengi wenu hamna pesa. Mimi pia sina. Lakini kuna mambo tunayaweza.

Weka 116 kwenye simu yako sasa hivi, pamoja na 1195, ambayo ni ya dhuluma za kijinsia. Zote ni za bure. Mimi mwaka 2022 sikuijua hata moja, na nilikuwa na bando kila siku.

Ongea na watu wa kwenu kabla ya shida. Dada yako akiwa mjamzito, muulize: ukikawia hospitali, nani anakaa na watoto, na huyo mtu akishindwa, nani anafuata? Andikeni majina mawili. Ni mazungumzo ya dakika kumi.

Kwenye yale makundi ya WhatsApp ya mchango wa hospitali, uliza pia kuhusu watoto. Tukichanga elfu hamsini ya bili, tutenge elfu tatu ya maziwa na ya kumshukuru jirani. Na usiposti sura za watoto waliobaki peke yao ukidhani unawasaidia. Unamwonyesha kila mtu, hata yule mbaya, kwamba nyumba hiyo haina mtu mzima.

Kisha kuna bajeti. Serikali ya kaunti inatakiwa kupeleka makadirio yake bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma, ambavyo vijana hatuendi kwa sababu havina kiki. Twende. Tukifika tusiombe taa za soko peke yake. Tuulize: vituo vya kulelea watoto, kazi ambayo Katiba imewapa, vimetengewa shilingi ngapi mwaka huu, na wadi yetu ina nyumba ngapi za dharura? Na mwaka 2027 wakija kutuomba kura za MCA, swali liwe hilo hilo.

Dada yangu alipona. Wapwa zangu wako shule, na kile kichanga sasa kinakimbia kuku uwanjani. Yule msichana wa jirani yuko sekondari ya msingi. Nikienda nyumbani Desemba hukutana naye njiani, na bado huniita kwa lile jina, omoreri, akicheka. Mimi pia hucheka. Lakini kazi tulimwachia yeye kwanza, akiwa na miaka kumi, na sijui hata kama kuna mtu aliwahi kumwambia pole.